Azimio Hujiwekei Mwenyewe

Nyumbani kwa Mama Mikate, mwaka haukuruhusiwa kuondoka bila kuulizwa ulichofanya. Jioni ya siku ya mwisho, tanuri likishazimwa, familia ilikaa mezani na kila mmoja akatoa hesabu ya azimio lake. Na azimio lenyewe hujiwekei. Unawekewa na aliyekaa kushoto kwako, wala huna ruhusa ya kulikataa. Sheria hiyo aliitunga marehemu mumewe, baada ya miaka mingi ya kuazimia kupunguza mikate huku akiongeza matundu ya mkanda. Aligundua kwamba mtu akijipangia mwenyewe hujionea huruma mno. Akaongeza kuwa azimio liwe la kuonekana kwa macho, maana "nitakuwa mtu mwema" hata mwizi husema.

Mwaka huu Mama Mikate alijipanga mapema. Aliacha mahali pake pa siku zote, akahamia kushoto kwa binti yake kitindamimba, akisingizia upepo wa mlangoni. Upepo haukuwepo, lakini nani atabishana na mwenye mikate?

Sababu alikuwa nayo. Wiki chache nyuma, mteja mmoja alimpa hongera kwenye dirisha la kuuzia mikate: amesikia binti amepata kazi mji wa mbali, kwenye majengo marefu. Binti huyo ni fundi wa lifti, na mji wao una lifti mbili tu, moja ikiwa mgonjwa wa kudumu. Ujuzi alikuwa nao tele, kazi kiduchu. Ndiyo maana kila alfajiri alikanda unga na mama yake, wawili tu, wakiimba vibaya kwa sauti kubwa. Mama Mikate aliipokea hongera ile, akafunga mkate wa watu, akajitia hamnazo. Akangoja binti amwambie mwenyewe. Hakuambiwa. Basi akapata wazo ambalo hata yeye lilimtia haya: atamwekea azimio la kubaki.

Hesabu zikaanza. Mwanawe mkubwa, fundi bomba, aliagizwa kuziba bomba la jikoni kwake linalovuja. Mkewe, ambaye ni mwalimu, alimjibia kwamba ndoo bado ipo pale pale. Kinyozi hajinyoi, fundi akajitetea, na meza nzima ikamzomea. Mwalimu naye aliagizwa kurudi nyumbani bila madaftari ya wanafunzi kila Ijumaa. Alitii, ila Ijumaa ya kwanza alikutwa na kalamu nyekundu anasahihisha maandishi ya pakiti ya chumvi. Mama Mikate aliagizwa na mkwewe huyo kujifunza baiskeli. Alianguka mara mbili, ya pili mbele ya gereji, mafundi wakamnyanyua kwa uangalifu kama injini. Lakini sasa alisambaza mikate kwa baiskeli, na alijipigia makofi kabla ya wengine kuwahi.

Ikafika zamu ya kitindamimba. Mwaka jana kaka yake alimwagiza aache kunyamaza, kila anachokitaka akiseme hapa mezani, hata kama ni chumvi.

"Nimeshindwa," alisema. "Chumvi niliomba. Kuna jambo moja sikuliomba."

Kaka yake akamuuliza ni jambo gani. Yeye akainamia sahani. Mama Mikate angeweza kumsaidia kwa neno moja, na hakulitoa. Alifurahi kwamba binti hasemi, kisha furaha hiyo ikamchukiza. Mtoto huyu hupanda juu ya lifti gizani, akafungua nyaya bila woga. Leo alikuwa anamwogopa mama yake mzazi.

Mwalimu akamkumbusha mama mkwe kwamba sasa ni zamu yake kumwekea binti azimio la mwakani. Maneno alikuwa nayo tayari, alishayarudia mara nyingi mbele ya tanuri. Akapiga moyo konde.

"Mwakani," alisema, "nenda kwenye hayo majengo yao marefu."

Kitindamimba aliinua uso akauliza amejuaje. Mama Mikate akamwambia kwamba habari zote za mji huu hupita dirishani kwake, zikiwa bado za moto.

"Na alfajiri utakanda na nani, mama?"

"Na mikono yangu. Usinihamishe kwenye hoja, azimio halikataliki."

Binti akalia, akacheka, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja mpaka mwalimu akampa kitambaa cha meza. Ni fundi bomba aliyeona kasoro. Bomba lilimshinda, lakini sheria za baba yake alizijua kama wakili. Azimio sharti lionekane, alisema. Sasa dada akiwa huko mbali, mwakani nani atatoa hesabu yake hapa?

Mama Mikate akajikaza kisabuni. Akamega mkate, akautafuna polepole, akaumeza.

"Tukikaa hapa mwakani tukaona mahali pake pako wazi," alisema, "tutajua ametimiza. Na tutampigia makofi."