Mwandishi wa Kushtakiwa

Kizimbani hakukuwa na kiti. Fundi cherehani, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alisimama akiwa ameegemea ubao.

Kosa lake lilikuwa video. Umeme ulikatika katika wodi ya watoto njiti, jenereta ikagoma kwa kukosa dizeli, na watoto watatu wakafa. Mtu wa ndani akamtumia video, naye akairusha kwenye ukurasa wake, ule ule aliozoea kutangazia mabomba yaliyopasuka na vitambaa vipya. Kufikia jioni nchi nzima ilikuwa imeiona. Mganga mkuu akasema ni uzushi.

"Nani alikupa?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, nasikia mwandishi wa habari halazimishwi kumtaja aliyempa habari."

Mwendesha mashtaka aliinuka, akafunga kifungo cha koti. "Mwandishi, kwa mujibu wa sheria, ni mwenye diploma na kitambulisho cha Baraza la Habari. Huyu anashona sketi."

Watu wakacheka. Redio naye akatabasamu. Aliona mlango umefunguka.

"Basi kama mimi si mwandishi, niachieni, mheshimiwa. Si mnanishtaki kwa kufanya uandishi bila leseni?"

"Na uliufanya," hakimu alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Kwa kulindwa, wewe si mwandishi. Kwa kosa, ni mwandishi. Sheria haina utata. Fungua simu."

"Sifungui."

Askari mmoja akamkumbatia kwa nyuma. Mwenzake akakichokonoa kidole gumba kutoka ndani ya ngumi, akakikunja kinyume mpaka kikalia ko! Redio akapiga yowe. Wakakibandika kidole kwenye simu, ikafunguka.

Karani alipandisha sauti. Chumba kikajaa pumzi za mwanamke: "Wifi, tazama, wananifia mikononi. Warushie watu waone. Ila usinitaje, wifi yangu, nina watoto."

Redio alijitahidi asigeuke. Lakini benchi la nyuma lilikwaruza sakafu. Muuguzi, mke wa kaka yake, alikuwa amekuja kumtia moyo moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake mwilini. Alisimama mwenyewe kabla hajaitwa.

"Wifi, nisamehe," Redio alisema.

"Mwambie kaka'ko akawachukue watoto shule."

Waliwatoa pamoja, muuguzi mbele na pingu mikononi, Redio nyuma na kidole chake kilichoanza kuvimba. Chini ya ngazi waandishi walikuwa wakingoja, vitambulisho vya Baraza vikining'inia shingoni. Hakuna aliyeuliza habari za dizeli.

"Sista, inua uso! Afande, sogea, unamziba."

Afande akasogea. Muuguzi akainua uso, kamera zikawaka.

"Samahani, afande," mmoja alisema, akiitazama picha yake. "Pingu hazijaonekana vizuri. Mrudishe juu, ashuke tena."

Afande akamshika muuguzi mkono, akampandisha.