Peres na Pedi za Kipa

Peres Auma alijua kwamba klabu yake ya hoki imemtoa kwa timu nyingine siku ambayo kipa wao, Muthoni, alikuja kumwonyesha pedi mpya za kukinga miguu. Walikutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya River Road, karibu na kiwanda kidogo cha uchapishaji ambako Peres alifanya kazi ya kupanga kurasa za vitabu na kuzibandika gundi. Muthoni aliingia na begi jeusi lililomzidi kimo, akalilaza juu ya benchi, akafungua zipu kwa uangalifu wa mtu anayefunua mtoto aliyelala.

"Mpya kabisa," alisema. "Zimetoka Uholanzi. Nusa. Mimi nimechoka kufunga zile za zamani na vipande vya tyubu ya baiskeli."

Peres alizigusa. Zilikuwa nzuri kweli, nyeupe, nene, ngumu. "Kirit amenunua pedi?" aliuliza, maana jambo hilo halikuingia akilini. Kirit, mwenyekiti wa klabu yao ya Kingfisher, alikuwa na duka kubwa la vyuma na rangi mtaa uo huo. Kwa miaka yote ambayo Peres alikuwa amechezea timu ya wanawake, huyo bwana hakuwahi kuwanunulia hata maji ya kunywa wakati wa mapumziko. Walikunywa kwenye mfereji wa bustani.

"Hajanunua. Zimetoka kwa watu wa timu ya Radi," Muthoni akasema huku akiendelea kupapasa pedi zake. "Si ndizo walizotoa wakuchukue wewe?"

Peres aliweka kikombe chini. Muthoni akainua macho, akamtazama, na hapo ndipo alipoelewa kwamba amelikoroga.

"Hawakukwambia?"

"Pedi peke yake," Peres aliuliza polepole, "ama na helmeti?"

"Na helmeti. Na glavu, na viatu vya kupigia teke."

"Afadhali. Ningeumia sana kama ingekuwa pedi peke yake."

Hakucheka aliposema hivyo. Alimaliza chai yake, akarudi kazini, akasimama mbele ya meza yake mguu mmoja ukibeba uzito wote, kwa sababu ule wa kulia haukuweza kubeba kitu.

Goti hilo ndilo lililokuwa chanzo. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 2005, wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa klabu kule Spring Valley, mguu wa Peres ulinasa kwenye nyasi mbovu huku mwili ukigeuka upande mwingine. Kitu kilipasuka ndani, akakisikia kwa masikio yake. Kocha wao, Surjit, mzee wa Kisikh mwenye ndevu nyeupe ambaye ndiye aliyemfundisha kupiga kona fupi, ule mpira wa adhabu unaoanzia mstari wa goli, alikuwa wa kwanza kupiga magoti kando yake. Alimshika mguu, akausikia ukicheza mahali usipopaswa kucheza. Daktari baadaye akasema kano ya katikati ya goti imekatika, na bila upasuaji goti hilo litaendelea kuteleza.

Mkataba wa Peres ulikuwa karatasi moja tu, wala haukuwa na siri. Ulisema mchezaji akiumia akiitumikia klabu, klabu itamtibu. Alipompelekea Kirit habari za daktari, Kirit alimsikiliza akiwa amesimama katikati ya makopo ya rangi, akimtazama mteja aliyekuwa nyuma yake.

"Peres, wewe pumzika wiki mbili," alisema. "Paka dawa ya misuli. Msimu ikiisha, tutaongea operesheni."

Wiki mbili zikapita. Surjit akamwingiza uwanjani dakika za mwisho za mechi tatu, goti likiwa limefungwa bandeji kama nguzo. Kila mara alimwambia, "Simama tu katikati, mama. Usikimbie. Wao wakikuona watahofu." Na kweli walihofu. Hata chambilecho mashabiki, Peres akisimama tu alikuwa na kazi kuliko wenzake wakikimbia. Ndivyo Macharia, mwenyekiti wa Radi, timu iliyodhaminiwa na kiwanda cha mafuta ya kupikia, alivyomwona amesimama pale katikati, akitoa pasi mbili za maana, naye akaingiwa na tamaa. Akamwendea Kirit. Kirit hakuchukua hata siku mbili kukubali. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini.

Peres angeweza kukataa kwenda Radi. Alikwenda kwa sababu moja tu: alitaka kumwona kwa macho yake mtu aliyemchukua bila kumkagua.

"Hata mbuzi pale soko la Dagoretti huangaliwa meno," alimwambia Muthoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi Macharia alikuja mwenyewe, suti na viatu vinavyong'aa, akawatambulisha wachezaji kwa "silaha yetu mpya." Peres aliwaamkia wote vizuri. Kocha wa Radi akamwambia akimbie hadi mstari wa goli, ageuke, arudi. Alikimbia. Alipogeuka, goti lilitoka njia yake, naye akaanguka kifudifudi mbele ya mwenyekiti. Hakupiga kelele. Alijigeuza akakaa, akavuta soksi chini, akamwonyesha Macharia uvimbe.

"Hii imekuwa hivi tangu lini?" Macharia aliuliza.

"Tangu Februari."

"Na hukusema?"

"Mlikuja kuniuliza? Mimi nimesikia habari zangu kwenye kibanda cha chai."

Macharia akachomoa simu yake papo hapo, akampigia Kirit huku Peres akiwa bado amekaa kwenye nyasi. "Umenipatia kitu imeharibika," alifoka. Akasikiliza. Uso ukamwiva. Akakata simu, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomtukana.

"Anasema nini?" Peres aliuliza.

"Anasema mali ikitoka dukani hairudishwi."

Ni maneno yaliyobandikwa ukutani kwenye duka la Kirit, juu ya mashine ya kuhesabia pesa. Peres alikuwa ameyasoma mara nyingi na hakuwahi kufikiri kwamba na yeye yumo.

Kuanzia hapo akawa kama mpira uliotoka nje ambao kila upande unasema ni wa mwenzake. Akienda Spring Valley kuulizia matibabu, anaambiwa yeye ni mtu wa Radi. Akienda kwa Radi, anaambiwa asubiri, Kingfisher watamchukua tena. Kila asubuhi alishuka barabarani kutoka chumba chake cha Kinoo akiwa ameegemea ukuta wa jirani, na kila jioni alipanda vivyo hivyo. Wanaume wale wawili walikuwa wakirushiana barua kali kupitia chama cha hoki. Katika barua zote hizo, kama alivyokuja kugundua, neno goti lilitajwa mara nyingi, na jina lake mara moja, nalo likakosewa.

Mwishowe Peres alishtaki mwenyewe. Chama kikaunda kamati ya kusikiza mgogoro, mwenyekiti wake akiwa Alkarim, wakili mmoja wa mjini, mtu mkimya mwenye miwani, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hakuwahi kucheza hoki na hivyo hakuwa na klabu. Walikutana chumba cha juu cha hoteli moja karibu na barabara ya Tom Mboya. Palikuwa na chai na sambusa. Peres aliona kwamba Kirit na Macharia, waliokuwa hawasalimiani, walifika sahani ya sambusa wakati mmoja na kupishana kwa adabu kubwa.

Kirit alisema kwanza. Alikuwa amejiandaa. "Kwanza, yeye aliumia mazoezi, siyo mechi. Mkataba inasema akiitumikia klabu. Mazoezi ni yake mwenyewe, ya kumsaidia yeye. Pili, huyu siyo mchezaji wetu. Tumeshampatia Radi. Tumemaliza."

Macharia akasimama. "Mheshimiwa, sisi tulitoa gia kamili ya kipa, tena ya kimataifa, tukitarajia mchezaji mzima. Tumeletewa nusu. Huyu hajawahi kuwa wetu. Tunataka gia zetu."

Muthoni, aliyekuja kumsindikiza rafiki yake, akajikunyata kitini. "Sasa mimi nitadaka na nini?" alinong'ona.

Alkarim akamgeukia mtu wa tatu. Surjit alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya magoti, kilemba chake cha buluu kimefungwa vizuri kama siku ya harusi.

"Wewe ni kocha. Ulijua kuhusu jeraha hili kabla hajabadilishwa?"

Peres alimtazama. Hao wengine wawili hakuwa ametarajia chochote kwao. Mtu hamkasirikii jiwe kwa kuwa jiwe. Lakini mzee huyu alikuwa amelishika goti lile kwa mikono yake. Alikuwa amemwita mama.

Surjit alikohoa. "Niliona anachechemea," alisema. "Lakini wachezaji wote huchechemea kidogo."

Basi. Alisema hayo tu, akaangalia viatu vyake.

Peres akaomba kusema. Alisimama bila kushika meza, ingawa ilimgharimu.

"Mheshimiwa, mimi sina mengi. Naomba tu yaandikwe vile wamesema. Bwana Kirit amesema mimi si wa Kingfisher. Andika. Bwana Macharia amesema sijawahi kuwa wa Radi. Andika pia. Kama mimi si wa huyu wala si wa yule, basi sihitaji ruhusa ya mtu kuchezea timu nyingine, kwa sababu hakuna mwenye ruhusa hiyo. Niko huru, na ni wao wenyewe wameniachilia mbele yako."

Ndipo Kirit alipong'amua kwamba mchezaji ambaye akipona angekuwa na thamani tena amemponyoka kwa ulimi wake mwenyewe. Macharia naye alikuwa amefikia hesabu hiyo hiyo, maana alianza kusema, "Kwa kweli, tukitazama vizuri, sisi tulikuwa na nia..."

"Nimeshaandika," Alkarim alisema.

Uamuzi ukatoka kabla hawajatawanyika. Mabadilishano hayakuwa halali kwa kuwa mchezaji hakuulizwa; pedi zirudi Radi; Peres yuko huru; na Kingfisher imtibu, maana mazoezi yaliyoitishwa na klabu ni kazi ya klabu. Kirit akatangaza palepale kwamba atakata rufaa. Alikata, na rufaa hiyo haikusikizwa kamwe, kwa sababu kamati ya rufaa ilikuwa na mwenyekiti mmoja tu aliyependekezwa, naye alikuwa Kirit. Ikawa uamuzi mzuri wa karatasi. Aliyefanya goti litengenezwe si klabu. Ni wasichana wa timu zote mbili, waliochanga kimyakimya nyuma ya wenyeviti wao, pamoja na watu wa kiwanda cha uchapishaji, na madaktari wa hospitali moja ya misheni ambao hawakujua hoki ni nini.

Wiki chache baada ya upasuaji, Surjit alifika Kinoo. Alikuwa ameuliza njia kwa watu wengi, maana alifika na kundi la watoto nyuma yake. Alibeba boksi la mithai, peremende laini za Kihindi. Peres alimkaribisha kiti, akampikia chai akiegemea mkongojo, akakataa kusaidiwa.

"Mimi niko kwa hiyo klabu tangu kijana," Surjit alisema. "Baba yangu alikuwa hapo. Ningesema vile ilikuwa, ningeenda wapi?"

"Na mimi nilikuwa na pa kwenda?"

Mzee akakizungusha kikombe mkononi.

"Kochi," Peres akasema, "Kirit ni mfanyabiashara. Alifanya biashara. Macharia ni mjinga. Alifanya ujinga. Wewe ulijua, na ulisema wote huchechemea. Kunywa chai yako, isipoe."

Alikunywa. Alipoondoka, mithai ilibaki mezani, na Peres akawagawia watoto waliomsindikiza mzee. Yeye mwenyewe hakuonja.

Goti lilichukua mwaka mzima na ushee. Lilipopona, simu zilianza. Macharia alipiga akitaka "wasahau yaliyopita." Kirit alipiga, akazungumza juu ya familia, kwamba Kingfisher ni familia. Peres alimwacha aongee mpaka akamaliza, akamuuliza kama familia hiyo imepata kipa, maana Muthoni naye alikuwa ameondoka. Kisha akamuaga vizuri.

Alikuwa na timu tayari, ya daraja la pili, iliyofanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule moja ya Kangemi, wenye mteremko kiasi kwamba mpira ukiachwa katikati unakwenda wenyewe hadi golini. Wasichana wa Kinoo, wa Uthiru, wawili watatu waliotoka magharibi mwa nchi hivi karibuni wakitafuta kazi. Hawakuwa na mwenyekiti. Peres alicheza kati na kufundisha pia, na sauti yake ilisikika hadi barabarani.

Jumamosi moja alimwona Surjit amesimama nje ya ua wa shule, kichwani patka, kile kilemba kidogo cha mazoezi, filimbi shingoni. Alikuwa ameachana na Kingfisher, au Kingfisher walikuwa wameachana naye. Hakusema, naye hakuulizwa. Alisimama hapo mpaka mazoezi yakafika nusu. Wasichana wakaanza kutazamana. Peres akamwendea, akasimama upande wake wa ua.

"Unatafuta nani?"

"Nimesikia huna mtu wa kufundisha kona fupi," Surjit alisema.

"Nipo mimi."

"Wewe unavuta mkono wa kushoto mapema. Toka zamani."

Ilikuwa kweli, na ilimuudhi kwa sababu ilikuwa kweli. Alimtazama yule mzee na filimbi yake, na hakuona moyoni mwake mwenyewe huruma yoyote kubwa, wala hasira ile ya zamani. Aliona tu mtu aliyechelewa.

"Filimbi uivue," alisema. "Hapa ninapiga mimi. Na usiniite mama. Kuna koni ndani ya gunia lile. Zipange."

Surjit akavua filimbi, akaitia mfukoni, akapita langoni. Peres alikuwa ameshageuka, anamfokea kiungo wa kushoto arudi mahali pake.