Tuta la Tope na Katani

Tope lilimfika Lukresia magotini. Alilikanyaga pamoja na wanawake wenzake, kama wanavyokanyaga udongo wa kukandikia nyumba huku kijijini Daa, kiuno kikimlalamikia. Mtambo ulikuwa umelichota kutoka sakafu ya bwawa. Waliambiwa kwamba likichanganywa na nyuzi za katani na saruji litashupaa, liwe tuta jipya la kuzuia maji. Bondeni, chini ya tuta hilo, ndipo ilipokuwa nyumba yake, na humo ndani alilala mama mkwe wake, Penina, aliyepooza miguu.

Katani ilikuwapo tele. Saruji ndiyo iliyoota miguu. Kila jioni pikapu ilipakia mifuko na kuelekea Karatu mjini, ambako mkandarasi alikuwa anajenga loji ya watalii.

"Leo saruji kiduchu tu, mama zangu," alisema Brian, msimamizi. "Ongezeni mavi ya ng'ombe. Si ndivyo mnavyojenga kwenu?"

"Nyumba haizuii bwawa, bosi," alisema Lukresia. "Bibi Penina analala pale chini."

"Basi nenda ukakae naye. Wanaotaka kibarua wamejaa."

Lukresia akaendelea kukanyaga. Laiti wangeishia hapo! Siku ya ukaguzi walilisiliba tuta kwa viganja, wakalilainisha kama ukuta wa nyumba ya bibi harusi, maana mwanamke wa huku haachi kazi chafu mbele ya wageni. Mkaguzi alipapasa, akasifu, akapiga picha. Lukresia akaona fahari, Mungu amsamehe.

Masika yakaja kwa hasira. Asubuhi moja alipanda kuliangalia tuta, akalikuta linavuja katikati. Brian alikuwa ameegemea pikapu, uso umesawijika.

"Mama, wewe una mkono mzuri. Ziba pale."

"Tumtoe bibi kwanza. Nisaidie kumbeba."

"Ukiliachia, maji yatamfikia kabla yako. Ziba, mimi nafuata saruji."

Pikapu ikaondoka. Lukresia akashindilia tope na katani ufani, kisha mikono yote miwili, kisha bega. Maji ya baridi yalimpita kwapani. Alipiga yowe, mvua ikalimeza.

Mvua ilipotulia kidogo, kule chini Penina alikuwa anamwita aende amgeuze, ubavu umechoka. Lukresia alimsikia vizuri kabisa. Hakuitika, maana angeitika angeulizwa mbona haji.