Kikaratasi Chini ya Kava

Fundi simu alikuwa na mazoea mawili, na yote aliyaonea fahari. Kwanza, simu ikiingia mkononi mwake, kabla salamu hazijaisha ameshaivua kava. Pili, akibadilisha kioo, huandika namba ya siri ya mteja kwenye kikaratasi na kukibandika kwa selotepu mgongoni mwa simu, asimsumbue mtu wakati wa kuijaribu. Kazi ikiisha hukibandua. Tuseme, mara nyingi hukibandua.

Mpwa wake, muuguzi, alikuwa mahabusu, siku ya tisa sasa. Vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano waliogopa hospitali, akawatibu sebuleni kwake, na majina yao yote yalikuwa ndani ya simu yake. Serikali iliyataka majina hayo. Naye namba ya kuifungua simu hakuitoa.

Basi mabwana wawili, mashati yamenyooka kwa pasi, waliingia dukani wakaiweka simu mezani. Walilalamika kwamba mashine yao ya kufungulia simu, ghali kupita kiasi, imegonga mwamba. Wamesikia yeye ndiye bingwa wa mtaa. Kwamba ni mjomba mtu, hawakuwa na habari. Fundi aliitambua simu papo hapo, maana ile kava ya zambarau alimchagulia mwenyewe, siku alipombadilishia kioo.

Akajifanya bwege. Aliwaeleza kwa kirefu kwamba simu za siku hizi zimefungwa kwa ndani, na bila namba ya mwenyewe hata waliozitengeneza hawafui dafu. Ilikuwa kweli tupu. Alifurahi kimoyomoyo kwamba safari hii ukweli uko upande wao.

Na huku akiongea, vidole vikaivua kava.

Kikaratasi kilikuwa pale pale, tarakimu sita, mwandiko wake mwenyewe. Alikifunika kwa kiganja, lakini walikuwa wameshakiona.

"Tumemuuliza mwenyewe siku tisa," alisema mkubwa wao, akinakili namba. "Kumbe tungeanzia kwako."

Wiki iliyofuata muuguzi aliachiwa. Vijana kumi na mmoja walikuwa wameshazolewa, wengine na bendeji zao, na yeye hakuna aliyemwambia. Alikuja dukani moja kwa moja, amekonda, mkono mmoja umevimba, akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Mjomba," alisema, akitabasamu kwa shida, "sikuwaambia kitu."