Saa Kumi na Nne za Castory

Mume wangu Eliakimu alifariki Jumanne. Jumatano jioni mwanetu wa kwanza, Castory, alipiga simu kutoka Toronto, huko Kanada, akasema yuko uwanja wa ndege tayari, tumsubiri. Nilifurahi humo humo ndani ya msiba, maana kwetu udongo wa kwanza juu ya baba hutiwa na mtoto wa kwanza. Mwili tukauacha mochwari.

Mjukuu wangu Diana akatafuta kwenye simu. Toronto hadi Kigoma ni karibu kilomita elfu kumi na mbili. Angani saa kumi na nne. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu ya safari naijua. Nimewasubiri sana watu wa maboti ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa: wakikwambia saa sita, wewe weka kumi na mbili. Basi zile kumi na nne nikazizidisha mara mbili, nikaongeza usiku mmoja wa kulala Dar, nikamwambia shemeji yangu Bonaventura kaburi lichimbwe Ijumaa asubuhi, hapa hapa Simbo, pembeni ya migomba.

Ijumaa nikaenda uwanjani na Diana. Nilibeba koti la marehemu, nikiwaza mtoto atashuka na baridi ya huko. Abiria walishuka, nikawahesabu mmoja mmoja mpaka mwanamke wa mwisho, mwenye mtoto mgongoni na kikapu. Castory hayumo. Diana akampigia, alipopokea akanipa simu. Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga kikombe, na mkewe akimwita, chai inapoa.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Mama, huku ni mbali mno."

"Simu imesema saa kumi na nne."

"Hizo ni za ndege inayonyooka moja kwa moja, mama. Ndege kama hiyo haipo."

Nikamwambia haya, kanywe chai.

Tuliporudi jua limezama na padri ameshaondoka. Kwetu kaburi halilali tupu, litaita mwingine; vijana wakakata mgomba, wakaulaza humo. Ndivyo tunavyowazika hata wale ambao ziwa limewameza lisiwarudishe.

Jumamosi tukamzika Eliakimu. Udongo wa kwanza nilitia mimi. Vijana walipotaka kuutupa ule mgomba, nikawaambia wachimbe shimo jingine dogo, miguuni pake. Bonaventura akanivuta kando.

"Shemeji, huyo yu hai."

Nikamjibu najua, nimemsikia anakunywa chai. Wakauzika.

Wiki iliyopita Castory aliomba picha ya kaburi la baba yake. Diana akamtumia, naye akauliza kile kituta kidogo ni cha nani. Diana, mtoto wa watu, akanitazama, kidole kiko juu ya simu.

"Mwandikie," nikamwambia, "ni cha mtu aliyekuwa njiani."