Mianzi Niliyokataa Kugawana

Shemeji yangu Philbert alisubiri matanga yaishe, basi. Kesho yake, masika ya mwaka 1954, alinipeleka kwa jumbe akiwa na mgawanyo wake tayari kichwani. Marehemu mume wangu aliacha vichaka sita vya mianzi ya ulanzi, pombe yetu ya huku. Mianzi mikubwa aikate yeye, ajengee nyumba. Machipukizi yanayogemwa yabaki kwangu, nipate cha kulelea watoto. Wazee wa ukoo waliridhika. Jumbe Yohane aliniambia nina bahati, akanisogezea karatasi nitie dole gumba.

Niliuficha mkono ndani ya kaniki.

Hapa Kilolo wanasema mwanamke hagemi ulanzi. Mimi niligema miaka sita, tangu mume wangu avunjike mguu. Asubuhi na jioni nilikata ncha ya chipukizi kipande chembamba, nikatega mbeta, kile kikombe cha mwanzi, ulanzi udondokee humo. Wazee wale kazi yao ilikuwa kunywa tu. Basi nikawaambia:

"Chipukizi halina jani hata moja. Maji yanatoka ardhini, sawa, lakini utamu linaupata wapi? Majani ya mianzi mikubwa ndiyo yanayoupika. Unashuka shinani, unapita chini kwa chini, unampandia mtoto. Mkimkata mama, mtakunywa maji."

Walicheka. Mzee mmoja aliniuliza kama niliwahi kuingia ardhini nikauona huo utamu ukipita. Hasira zikanipanda, na hapo nikasema jambo ambalo mama yangu aliposikia alilia. Philbert akate kichaka kimoja tu, kile cha njiani. Tukigeme majuma manne. Utamu ukiwepo, achukue vyote sita na mimi nirudi kwa baba yangu kule Dabaga mikono mitupu. Usipokuwepo, panga lake lisiingie tena kwenye mianzi yangu. Jumbe akakubali, nadhani ili ninyamaze.

Philbert alikata siku ile ile. Juma la kwanza mbeta zilijaa na ulanzi ulikuwa mtamu vilevile. Akawa anapita mlangoni kwangu akiimba. Juma la pili bado mtamu. Niliogopa, sitaficha. Nilianza kuwaza ni nguo zipi nitabeba na chungu kipi nitaacha. Nilijua shina huweka akiba, lakini sikujua akiba hiyo hudumu siku ngapi.

Siku ya mwisho Philbert alileta barazani kwa jumbe kibuyu kilichojaa ulanzi aliougema juzi, akitangaza kwamba mbeta hazijapungua hata tone. Kweli hazikuwa zimepungua. Jumbe alikunywa, akashusha kibuyu, akachungulia ndani. Akampa yule mzee aliyeniuliza swali, naye akatema.

"Maji," jumbe alisema. "Tena ya tangu juzi, na hayajachacha. Pasipo utamu hakichachi kitu."

Philbert akanigeukia, akasema nimeuroga ulanzi. Neno lile halikuwa la mchezo. Nilimjua mjane aliyefukuzwa kwa neno hilo peke yake. Nikakasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani mwangu. Nikalichukua panga lake pale alipoliegemeza ukutani, nikamnyooshea mpini.

"Kama ni uchawi wangu, shemeji, nenda ukavikate vitano vilivyobaki. Sasa hivi. Sikuzuii. Mwakani ukoo mzima utakapokunywa maji, utajua wenyewe ni nani wa kumwuliza."

Wazee walimtazama yeye, hawakunitazama mimi. Hakuna hata mmoja wao asiyekunywa ulanzi. Philbert hakulipokea panga. Nilisimama na mkono umenyooka mpaka bega likauma, na jumbe akaichukua ile karatasi ya mgawanyo, akaichana vipande viwili.

Nikaliweka panga miguuni pa Philbert, nikawaaga wazee kwa adabu zote, nikaenda kugema.