Sakafu ya Chumba cha Tende

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemao husema. Suud alifika Ghubra, ng'ambo ya bahari, mwaka wa sitini na nne, amekimbia Unguja na roho yake na mwiko wake wa uashi. Shangazi yake, Bi Bakhita, akampa chumba katika nyumba ya mababu: kuta nene, mnara wenye matundu ya bunduki, na juu ya mlango tundu la kummwagia adui, zamani hizo, asali ya tende inayochemka. Nyumba ilikuwa ikibomoka. Suud akaapa kuitengeneza, iwe ndiyo shukrani yake.

Akaitengeneza kweli. Mnara ukasimama, majirani wakamsifu. Kisha akaingia chumba cha tende, akakuta sakafu imejaa mifereji mifereji. Maskini, akasema, maji yameila. Akaisawazisha kwa chokaa, ikawa laini kama sinia. Hakumuuliza mtu. Fundi wa Unguja aulize habari ya sakafu!

Baada ya mavuno Masouda, mjane wa kijiji cha Azaiba aliyekuwa kibarua wa nyumba hiyo, akapanga humo makanda ya tende kama alivyopanga miaka ishirini. Kila mwaka uzito uliikamua asali, nayo ikafuata mifereji mpaka mtungini. Mwaka huo mtungi ulibaki mkavu.

"Nambie umeipeleka wapi," Bi Bakhita akamwambia Masouda mbele ya wageni. "Ukishanambia, usirudi tena."

Suud alikuwa papo hapo, kikombe cha kahawa mkononi. Alielewa mara moja, akanyamaza. Kunyamaza huko mwenyewe alikuita kuona haya. Kilikuwa kiburi kitupu.

Siku kumi akakipita kile chumba bila kuingia. Siku ya kumi na moja akaondoa makanda, akaiona asali imetuama chini ya ukuta, imejaa sisimizi. Akaenda Azaiba.

"Mimi najua kuwa sikuiba," Masouda akamwambia mlangoni. "Kamwambie asiyejua."

Akarudi, akasema yote. Bi Bakhita akaweka buli chini.

"Sakafu ni ujinga, mwanangu, nimekusamehe. Na siku kumi je? Nna uso gani sasa wa kumtazama Masouda?"

Walikwenda wote wawili wakamwomba radhi, naye akawapa, lakini kazini hakurudi. Suud akaichimbua chokaa yake kwa tindo, mfereji baada ya mfereji. Mwaka uliofuata asali ikatiririka, na mtungi wa kwanza akaubeba mwenyewe mpaka Azaiba.

Masouda akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru.

"Ila mwambie Bi Bakhita ni wewe ulonipa," akasema. "Isije ikasemwa tena."